Jinsi ya kuikagua AI kwa macho ya katiba, hata kama we si wakili

Watu wengi wakisikia AI (akili mnemba) na katiba zinatajwa pamoja wanawaza roboti kupewa haki ya kupiga kura, wanacheka, wanapita. Hiyo ya roboti tuiache. Maswali yenyewe ni ya kawaida kabisa: mfumo umekukatia malipo, kamera imesema sura yako ni ya mtu anayetafutwa, programu imekupa alama ya hatari na jaji ameisoma kabla hajakuhukumu, sasa unamuuliza nani kwanini?

Na hapo kwenye "unamuuliza nani" ndo pana mambo yote. Katiba karibu zote ziliandikwa zikidhani anayekuamulia ni mtu, ana ofisi, ana jina, pengine amekula kiapo, na ukimbana anaweza kukwambia alifanya vile kwa sababu gani. AI inamtoa huyo mtu katikati, au inamwacha amekaa pale kama pambo. Kwahiyo njia yangu ni hii: usianze na mashine, anza kumtafuta mtu. Hatua ninazofuata ni hizi hapa chini, sio lazima uzipitie kwa mpangilio huu huu ila ya kwanza usiiruke.

Kwanza: ni serikali au ni kampuni?

Swali hili linaboa ila ndo linaloua kesi nyingi kabla hazijaanza. Katiba nyingi kazi yake kubwa ni kuifunga serikali mikono, sio jirani yako wala kampuni. Ukinyimwa mkopo Marekani na programu ya kampuni binafsi, katiba yao kwa kawaida haikusaidii, utatafuta sheria za kawaida. Ila usidhani ni hivyo kila mahali. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 kwenye ibara ya 8 inasema haki zinaweza kumbana hata mtu binafsi au kampuni, inategemea ni haki gani. Ya Kenya ya 2010, ibara ya 20, inasema haki zile zinawafunga watu wote. Kwahiyo fungua katiba husika utafute hicho kifungu kabla hujabishana na mtu yeyote.

AI inavuruga mambo hapa kwa sababu zamani serikali ilinunua kompyuta na kalamu, siku hizi inanunua uamuzi wenyewe. Kampuni ndo imeutengeneza mfumo, imeulisha data, inautunza, ofisa anabonyeza tu. Ukienda kulalamika unaambiwa hilo kaulize kampuni, ukienda kampuni unaambiwa sisi hatuna mkataba na wewe. Usizungushwe. Uamuzi ukitoka na muhuri wa serikali, wa kujibu ni serikali, walionunua wapi huo mfumo ni shida yao.

Pili: tafuta neno "akiridhika"

Hii ndo hatua ninayoipenda. Chukua sheria iliyotumika kukuamulia, usiisome yote, tafuta tu inampa nani mamlaka. Utakuta maneno kama "Waziri atateua", "Kamishna akiridhika kwamba", "ofisa akiwa na sababu za msingi za kuamini". Hayo maneno ya kuridhika na kuamini ni ya moyoni na kichwani mwa mtu. Sasa mashine inaridhikaje?

Ukidhani nacheza na maneno, Australia hili lilifika mahakamani. Mlipa kodi mmoja alipata barua kutoka mamlaka ya kodi ikimwambia akilipa kiasi fulani kwa mkupuo kabla ya tarehe fulani deni limeisha, akakopa akalipa, baadae wakamgeukia wakasema ile barua ilitoka kwa makosa, ilitengenezwa na mfumo na riba bado anadaiwa. Mwaka 2018 majaji wawili kati ya watatu walisema ile barua haikuwa uamuzi kisheria, manake hakukuwa na mtu aliyekaa akafikiri akafikia huo uamuzi. Jaji wa tatu alipinga, akaona sheria inabidi iendane na namna serikali inavyofanya kazi sasa. Mimi niko na huyo wa tatu kwa sababu moja tu: ukikubali kwamba kisichofikiriwa na mtu sio uamuzi, basi serikali inaweza kuikana mashine yake pale inapokupendelea, alafu ikaitetea pale inapokuumiza. Ila hoja ya wale wawili unaweza ukaigeuza ikawa silaha yako. Kama mfumo umekukatia malipo bila mtu yeyote kufikiri, na wewe sema huo sio uamuzi, hakuna aliyeniamulia kitu, nirudishieni pesa yangu.

Watakujibu "kuna ofisa anapitia kila faili". Sawa, muulize huyo ofisa ana dakika ngapi kwa kila faili, na ni mara ngapi amewahi kuukatalia mfumo. Kama hajawahi hata mara moja, huyo hapitii, anagonga muhuri.

Na usiishie kwenye neno AI, watu wanapotea sana hapa. Mfumo wa Australia wa kuwadai watu waliodhaniwa wamelipwa mafao kupita kiasi, uliopewa jina la Robodebt, haukuwa na akili yoyote ya ajabu, ilikuwa hesabu ya kugawa wastani: kipato cha mwaka kinagawanywa sawa kwa kila wiki mbili alafu unaambiwa ulipata zaidi ya ulichosema, wakati mtu alifanya kazi miezi mitatu tu. Mwaka 2019 serikali ilikubali mahakamani kwamba deni la namna hiyo halikuwa halali. Michigan, Marekani, nako kati ya 2013 na 2015 mfumo wa mafao ya wasio na kazi uliwatia hatiani watu kwa udanganyifu, na serikali yenyewe ilipokagua upya kesi zaidi ya 22,000 zilizoamuliwa na kompyuta peke yake ikakuta takribani asilimia 93 hazikuwa udanganyifu. Watu walishakatwa mishahara na marejesho ya kodi. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya jimbo ikasema waathirika wanaweza kudai fidia kwa kuvunjiwa haki yao ya kikatiba ya kutonyang'anywa mali bila kufuata utaratibu wa haki. Hamna aliyejali kama ule mfumo ni AI ya kweli au ni eksel iliyochangamka.

Tatu: dai sababu, na usikubali "ni siri ya biashara"

Haki ya kusikilizwa bila kujua unatuhumiwa kwa lipi ni sawa na kupigana ngumi gizani. Hapo zamani tatizo lilikuwa ofisa hataki kukwambia sababu. Siku hizi tatizo ni kwamba hata yeye haijui.

Kesi ya kuanzia ni ile ya Loomis, Wisconsin, 2016. Jamaa alihukumiwa kifungo cha miaka sita, na kwenye ripoti aliyopewa jaji kulikuwa na alama ya hatari ya kurudia kosa kutoka programu inaitwa COMPAS. Akataka kujua inapigaje hesabu, kampuni ikasema siri ya biashara. Mahakama ya juu ya jimbo ikasema haki yake haijavunjwa, alama inaweza kutumika ila isiwe ndo kigezo cha kuamua, na ripoti iwekwe tahadhari kwa jaji. Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza mwaka uliofuata. Kusema kweli ile tahadhari naiona kama onyo kwenye pakiti ya sigara, wote wanaiona na wote wanavuta.

Linganisha na Houston, huko huko Marekani. Walimu wa shule za umma walikuwa wanapimwa kwa alama za programu na mtu angeweza kufukuzwa kwa hizo alama, na hakuna mwalimu aliyeweza kuzihakiki zake maana fomula ilikuwa mali ya kampuni. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho alikubali dai lao la utaratibu wa haki liendelee, na baadae pande mbili zikamalizana. Hoja iliyobeba ni rahisi sana: kama siwezi kuthibitisha kwamba hesabu imekosewa, basi hiyo nafasi ya kujitetea mliyonipa ni ya maneno tu.

Ila kwa maoni yangu walioliweka vizuri kuliko wote ni Wafaransa. Baraza lao la Katiba Juni 2018 lilipitisha matumizi ya algoriti, yaani kanuni ambazo kompyuta inazifuata kufikia jibu, kwenye maamuzi ya serikali kwa masharti, na moja likiwa kwamba ofisi husika lazima iumudu mfumo wake kiasi cha kuweza kumweleza mhusika, kwa undani na kwa lugha inayoeleweka, ulivyofanya kazi kwake yeye. Kwahiyo algoriti inayojibadilishia kanuni yenyewe bila mwenye nayo kuidhibiti haiwezi kuwa msingi pekee wa uamuzi juu ya mtu. Tafsiri yake mtaani: kama huwezi kunieleza, huwezi kuitumia peke yake. Hiyo sentensi ibebe, hata kama nchi yako haina uamuzi kama huo mahakama nyingi husikiliza hoja za nje zikiwa nzuri.

Kwahiyo ukiandika barua ya kudai sababu usiombe msimbo wa programu, utaambiwa siri na hata ukipewa utaufanyia nini. Omba vitu vinne: taarifa zipi zangu zimetumika, zimetoka wapi, kila moja ilikuwa na uzito gani, na nini kingebadilika ndo matokeo yangekuwa tofauti. Hilo la mwisho ndo tamu zaidi.

Nne: faragha, usiangalie kipande kimoja kimoja

Kosa linalofanyika sana ni kuchukua taarifa moja moja na kusema hii si siri. Jina si siri, uso wangu kila mtu anauona barabarani, namba ya gari iko wazi. Kweli, ila AI haiangalii kipande, inaunganisha. Polisi mmoja akikuona sokoni hajakupekua, kamera elfu moja zikikuona kila siku mwaka mzima hiyo ni habari nyingine.

Mahakama Kuu ya Marekani iliona hivyo kwenye kesi ya Carpenter, 2018, kwa kura tano kwa nne. Polisi walichukua rekodi za simu za siku 127 kutoka kampuni za simu bila hati ya upekuzi, zikawa na pointi 12,898 za mahali mtu alipokuwa. Serikali ikasema si alizikabidhi mwenyewe kwa kampuni? Majaji wakakataa, wakasema picha nzima ya maisha ya mtu inahitaji hati ya jaji. Ujerumani walianza mapema zaidi, tangu uamuzi wa mahakama wa 1983 kuhusu sensa wanasema kila mtu ana haki ya kuamua taarifa zake zitumikeje, na Februari 2023 Mahakama yao ya Katiba ikaangusha vifungu vya sheria za polisi za majimbo ya Hesse na Hamburg vilivyoruhusu kompyuta kuchambua data kwa kuziunganisha, kwa sababu vilikuwa vipana mno, havikuonyesha hatari ifikie wapi ndo mashine iruhusiwe kumchimba mtu.

Kwenye faragha utakutana na kipimo cha uwiano, usikiogope, ni maswali tu. Kuna sheria inayoruhusu? Lengo ni halali? Mfumo kweli unasaidia hilo lengo? Kulikuwa na njia nyepesi zaidi? Faida inazidi madhara? Kwenye AI piga sana lile la tatu, manake serikali huja na maneno makubwa kuhusu mfumo wao na ukiuliza umekamata wangapi, umekosea wangapi, kimya.

Kamera za sura nazo zina funzo lake. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Bridges dhidi ya polisi wa South Wales. Haikusema kamera za kutambua sura ni haramu. Ilisema sheria iliwaachia polisi uhuru mkubwa mno wa kuchagua nani awekwe kwenye orodha ya kutafutwa na kamera zikafungwe wapi, na kwamba polisi hawakuchukua hatua za kutosha kuhakikisha mfumo haubagui kwa rangi au jinsia. Ona hapo, hakuna aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ulimbagua mtu, polisi ndo walitakiwa wawe wamekagua.

Na ujanja mwingine. Uholanzi katiba yao ibara ya 120 inawakataza majaji kupima sheria za bunge kwa katiba. Wanaharakati waliotaka kuangusha SyRI, mfumo uliokuwa ukiunganisha data kutafuta wanaodanganya mafao na ukatumika kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini, hawakukwama hapo, wakatumia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ibara ya 8, na Februari 2020 mahakama ya The Hague ikasema sheria ya SyRI haiko wazi kiasi cha mtu kuweza kuikagua, ikaisha. Mlango mmoja ukifungwa angalia mikataba ambayo nchi yako imesaini.

Usawa: shida ya nia

Hapa ndo AI inaitoa katiba jasho. Marekani tangu kesi ya Washington v. Davis, 1976, ukisema umebaguliwa kikatiba lazima uonyeshe nia, haitoshi kuonyesha matokeo yamewaumiza watu wa rangi fulani. Mashine haina nia. Imefundishwa na rekodi za zamani, rekodi zina ubaguzi wa zamani, inaurudia ubaguzi bila chuki yoyote, na hakuna wa kumnyooshea kidole. Lakini katiba ya Afrika Kusini ibara ya 9 na ya Kenya ibara ya 27 zinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, hapo matokeo yenyewe yanaweza kutosha kuanzisha kesi. Kwahiyo angalia uko chini ya katiba gani kabla hujaenda kukusanya takwimu.

Takwimu zenyewe nazo zina mtego. Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica walichambua ile COMPAS kwa data ya kaunti moja Florida, wakakuta watu weusi ambao hawakurudia kosa waliwekwa kundi la hatari kwa asilimia kama 45, weupe asilimia kama 23. Kampuni ikajibu mfumo wetu ni wa haki, mtu mweusi na mweupe wakipewa alama ile ile uwezekano wao wa kurudia ni sawa. Kumbe wote walikuwa sahihi! Wanahesabu wakaja kuonyesha kwamba viwango vya awali vya kurudia kosa vya makundi vikitofautiana huwezi kupata haki zote mbili kwa mpigo, labda kwa bahati. Sasa ipi ndo "usawa mbele ya sheria"? Hilo sio swali la injinia, ni la bunge na majaji, na kwenye mifumo mingi amelijibu injinia kimya kimya siku ya kuandika programu. Muulize mtu wa serikali walichagua usawa upi na nani alichagua, uone atakavyokutazama.

Kujieleza na uchaguzi, kwa haraka

Je maneno ya chatiboti, yaani programu ya AI inayoongea na wewe kama mtu, yanalindwa kama uhuru wa kujieleza? Mei 2025 jaji wa shirikisho Florida alikataa, kwa hatua ile ya kesi, kusema kwamba yanalindwa. Bado mapema. Ukitaka kulifikiria mwenyewe, kumbuka uhuru huo una pande mbili, wa kusema na wa kupokea habari, na mashine ikikosa ule wa kwanza haina maana msikilizaji amekosa wa pili. Video feki za wagombea nazo ni kisu chenye makali kuwili, ukiandika sheria pana ya kuzizima unazima na kejeli, na California sheria yao moja ya namna hiyo ilisimamishwa kwa sehemu kubwa na jaji Oktoba 2024 kwa sababu hiyo hiyo. Romania walienda mbali kuliko wote: Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta uchaguzi wa rais baada ya raundi ya kwanza, na kati ya sababu ilitaja matumizi yasiyo ya wazi ya teknolojia za kidijitali na akili mnemba kwenye kampeni. Kufuta kura za mamilioni ya watu ni dawa kali mno, mi bado sijashawishika, ila ujue mlango umeshafunguliwa.

Jaji mwenyewe akitumia AI

Imetokea Colombia. Januari 2023 jaji wa Cartagena aliweka majibu ya chatiboti ya ChatGPT ndani ya hukumu ya mtoto mwenye usonji aliyekuwa anadai huduma za afya. Mwaka 2024 Mahakama ya Katiba ikasema haki haikuvunjwa kwa sababu kesi ilishaamuliwa kwa hoja za sheria kabla ya kuiuliza mashine, lakini AI haiwezi kukaa kwenye kiti cha jaji, na ikaagiza mwongozo utengenezwe kwa ajili ya mahakama zote. Ukisoma hukumu yako ukahisi harufu ya mashine, swali ni lile lile la hatua ya pili: jaji aliamua ndo akauliza, au aliuliza ndo akaamua?

Ukiwa na kesi mkononi fanya hivi

Piga skrinishoti ya kila ujumbe wa mfumo siku hiyo hiyo, mifumo hubadilishwa na wiki ijayo hautakuwa ule. Andika tarehe. Angalia muda wa rufaa kabla ya kitu kingine chochote, nimeona watu wana hoja nzuri ya katiba lakini wamechelewa na mlango umefungwa. Barua ya kudai sababu ipeleke kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, wasipojibu huo ukimya nao ni ushahidi. Maliza kwanza njia za ndani za malalamiko kama sheria inataka, maana majaji wengi wakiona umeziruka wanakurudisha. Kwenye maombi usidai tu mfumo ufutwe, weka na dai dogo, kwamba faili lako lipitiwe upya na mtu mwenye jina atakayeandika sababu zake, kwa sababu jaji anayeogopa kuzima mfumo mzima hatoogopa hilo.

Na tafadhali usiiombe chatiboti ikutafutie kesi alafu ukazibandika bila kuzisoma. New York 2023 mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hukumu ambazo ChatGPT ilizitunga, na walipoambiwa wazilete wakaleta nakala zilizotungwa na ChatGPT hiyo hiyo. Hata hizi nilizotaja mimi, nenda kazitafute uzisome mwenyewe kabla hujaziweka kwenye karatasi yenye jina lako.